"Una uhakika?" si swali

Mtu anayetumia programu yangu alipoteza maandishi ya saa mbili, na kosa ni langu. Alipofunga dirisha, kidirisha kilimuuliza "Una uhakika?" na kumpa vitufe viwili vya Kiingereza. Uhakika wa nini? Wa kufunga, au wa kuhifadhi? Akabonyeza, kazi ikapotea. Iliniuma sana.

Nilikuwa nimetumia showConfirmDialog ya JOptionPane, sehemu ya lugha ya Java inayotengeneza vidirisha vya maswali; ni mstari mmoja tu wa msimbo. Nimehamia showOptionDialog, ya JOptionPane hiyohiyo. Hii inataka vigezo 8 (thamani unazoipa unapoiita), ila utamu uko kwenye viwili vya mwisho: safu ya maandishi ya vitufe, na kitufe kitakachokuwa kimechaguliwa tangu mwanzo. Sasa vitufe vyangu vinasema "Hifadhi", "Usihifadhi" na "Rudi". Nimeanzia na "Hifadhi", maana wengi wetu hubonyeza Enter kabla ya kumaliza kusoma. Swali lenyewe linataja jina la faili.

Ikoni nimeiacha ya kawaida.

Kilichonishtua ni majibu. Kinachorudi ni nafasi ya kitufe: 0, 1 au 2. Lakini mtu akifunga kidirisha kwa alama ya X, inarudi -1. Rasimu yangu ya kwanza ilichukulia kila kisicho 0 kuwa "Usihifadhi", kwa hiyo X ingefuta kazi ya mtu aliyetaka kughairi tu! Nimeitenga -1, sasa inafanya kazi ileile ya "Rudi", na maandishi yanabaki palepale yalipokuwa.