Waacheni wasemezane Kiarabu darasani

Hapa Cardiff, mji mkuu wa Wales, Wayemeni walianza kufika karne ya 19 wakiwa mabaharia wa meli za makaa ya mawe. Leo katika darasa la Kiingereza la watu wazima ninakosaidia kuna Wasudani, Wasyria, Wairaki na Wamoroko. Na bado wapo walimu mjini hapa wanaowakataza kutamka hata neno moja la Kiarabu. Linaniuma, maana wengi wetu tuliosoma Kenya tunakijua kile kibao alichovikwa shingoni aliyesikika akisema lugha ya nyumbani.

Mama mmoja wa Khartoum alisema, "She nurse." Mwalimu akamsahihisha, mama akarudia vilevile. Ndipo kijana wa Aleppo, aliyekuwa akifundisha hesabu kwao, akamgeukia kwa Kiarabu: sisi wakati uliopo hatuna haja ya kitenzi hapo, hawa Waingereza lazima wakitie. "Aaah! She is a nurse." Siku hizi hujisahihisha mwenyewe.

Mama huyu si mtoto. Ana sarufi nzima kichwani, na ukimfungia Kiarabu umemfungia na akili aliyokuja nayo. Hata akisema "the doctor that I saw him" si uzembe. Kiarabu humtaja tena huyo daktari baada ya kitenzi, kama sisi tunavyosema daktari niliyemwona.

Halafu Kiarabu chenyewe si kimoja. Mmoroko akisema cha mtaani kwao Msyria anakwama, basi wote wanahamia kile cha taarifa ya habari. Hawa ni watu waliozoea kuvuka lugha tangu utotoni.

Tena ni Wales hiihii ambako mtaalamu wa elimu Cen Williams, mwaka 1994, aliuita "trawsieithu" ule ufundishaji wa kupokea somo kwa lugha moja na kulieleza kwa nyingine, Kiwelisi na Kiingereza.

Anayeumia kweli ni dada wa Eritrea, msemaji wa Kitigrinya. Waarabu wakizama kwenye mjadala wao, yeye hubaki nje. Mwalimu wetu kaweka utaratibu: mkishaelewana kwa Kiarabu, mmoja wenu amweleze dada kwa Kiingereza. Zamu ya mama wa Khartoum ilipofika, alieleza barua ya hospitali kuhusu miadi iliyosogezwa mbele. Dada akauliza siku gani, saa ngapi, basi namba gani, mama akajibu yote. Sijawahi kuwasikia wakizungumza Kiingereza kirefu namna ile.