Jinsi nilivyobaini saini bandia ya Babe Ruth

Nilinunua mpira wa besiboli hapa Chicago, katika mnada mdogo wa vitu vya marehemu, nikiwa nimehakikishiwa kwamba saini iliyopo kwenye sehemu nyembamba baina ya mishono ni ya Babe Ruth mwenyewe, mchezaji mashuhuri wa besiboli wa Marekani. Cheti chake hakikutaja aliyeukagua, na cheti cha namna hiyo kwangu ni karatasi tu.

Kwa majuma mawili nililinganisha herufi zake na picha za saini halisi, kazi iliyonichosha bure, kwa kuwa mghushi hodari naye hutazama picha zizo hizo. Jibu lilikuwa upande wa pili wa mpira. Mipira rasmi ya American League, mojawapo ya ligi kuu mbili za besiboli Marekani, ilipigwa mhuri wenye jina la rais wa ligi wa wakati huo, na katika miaka ya mwisho ya Ruth rais alikuwa Will Harridge, aliyeshika wadhifa huo tangu 1931. Nilipouinamisha mpira chini ya taa na kuyasoma kwa lenzi ya kukuza maandishi yaliyokwisha kufifia, nilikuta jina la Joe Cronin, ambaye hakuwa rais hadi mwaka 1959, ilhali Ruth alifariki tarehe 16 Agosti 1948. Mghushi alikuwa ameihangaikia herufi R hadi mkia wake, lakini mpira wenyewe hakuusoma.

Nilimtumia muuzaji picha ya mhuri pamoja na tarehe hizo, naye akanirudishia fedha zangu siku ya tatu bila ubishi. Mpira aliniachia, mwanangu anauchezea uani.