Nguo ya Kuazima Katika Msitu wa Rau

Jumamosi iliyopita, mvua ilipokatika, nilisimama pembeni mwa msitu wa Rau hapa Moshi nikimtazama kipepeo dume wa manjano, mwenye mkia katika kila bawa la nyuma, akimfuata bila kuchoka kipepeo mweusi mwenye mabaka meupe na asiye na mkia wowote. Mpwa wangu alicheka, akasema dume huyo amepotea njia. Hakupotea. Wote wawili ni spishi moja, Papilio dardanus, na hata wataalamu walidhani ni vipepeo tofauti mpaka mtaalamu wa wadudu Roland Trimen alipoeleza, mwaka 1869, kwamba majike yale ya sura nyingi ni wenzi wa dume huyohuyo.

Jike mweusi huiga vipepeo wa jenasi ya Amauris, ambao ndege akishamwonja mmoja hana hamu ya wa pili. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Huyu inamsitiri hata roho. Majike wengine wa spishi hiyo humwiga Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa tunayemwona kila siku bustanini, na tofauti hizo zote zinaongozwa na sehemu moja tu ya kromosomu, kiasi kwamba mama mmoja anaweza kuzaa mabinti wasiofanana.

Mbona basi hawajagawanyika kuwa spishi mbili? Nadhani jibu alikuwa nalo yule dume: hachagui nguo. Huko Amerika ya tropiki mambo ni mengine, kwani dume wa kipepeo Heliconius melpomene hupendelea jike mwenye bendi nyekundu bawani kama yake, na wa Heliconius cydno hupendelea nyeupe au ya manjano, huku chotara wao akipuuzwa na wachumba na kushambuliwa na ndege wasiomtambua kuwa ni mchungu. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba kuwapandisha hao wawili kwa vizazi vichache huleta bawa linalokaribiana sana na la Heliconius heurippa, spishi ya Colombia ambayo madume wake, nao, huvutiwa na mchanganyiko wao wenyewe.

Mpwa wangu akauliza mabinti wa wale wawili wa Rau watakuwa wa rangi gani. Nikamwambia kumtazama mama hakutoshi, kwa sababu baba naye hubeba jeni za nguo hizo, ila yeye hazivai.