Mbegu zilizonigomea

Mama alipotelemka kutoka Kibosho Jumapili moja ya Machi, alinikuta kibarazani nasugua mbegu kwenye msasa, moja moja. "Unatengeneza shanga?" Nikamwambia ni mbegu za ule mmea wa maua ya ndege. Alicheka mpaka akakohoa. Kwake ule ni pori tu, wa kufyekwa.

Ni ndugu wa marejea tunayopanda kurutubisha shamba, ila huu ni kichaka kinachonipita kimo. Kitaalamu ni Crotalaria agatiflora, mwenyeji wa nyanda zetu za juu. Ua lake ni la manjano iliyochanganyika na kijani, na ukilitazama karibu utadhani ni kandege kameng'ata kikonyo kwa mdomo, mkia ukabaki nje. Maganda yakikauka, mbegu hulia ndani kama kayamba. Tulikuwa tunayatikisa njia nzima kwenda shule.

Mwaka uliotangulia niliokota maganda kando ya barabara (ndani ya hifadhi ya Mlima Kilimanjaro usiguse kitu, utajieleza). Nikatia mbegu 40 kwenye viriba kama ninavyopanda mchicha. Zikaota tatu. Nikalaumu udongo, nikalaumu na kuku wa jirani. Baada ya wiki tano nikafukua moja: inang'aa, kavu, vilevile nilivyoizika. Kumbe maji hayakuwa yameingia kabisa! Ganda la mbegu hizi ni gumu. Porini linazisaidia zisiote zote kwa mvua moja, jua likirudi ghafla zikateketea. Ila kwangu mimi mwenye haraka, ni mtihani.

Ndiyo maana ya msasa. Unasugua upande mmoja mpaka rangi ififie, usifike kwenye kiini, kisha unaloweka usiku kucha. Asubuhi zilizovimba unapanda. Zilizobaki ndogo zinarudi kwenye msasa, na nimezitukana nyingi. Mkikaa na watoto wadogo, ziangalieni: mbegu nyingi za jamii hii zina sumu.

Safari hiyo zikaota 31. Nikafurahi mno, nikaziacha kwenye viriba vifupi hadi zikawa na majani mengi. Kumbe mzizi mkuu ulishafika chini na kujikunja. Nilipozihamisha, kumi zilinyauka ndani ya wiki. Nikang'oa mmoja kwa hasira, nikaona vinundu kwenye mizizi. Nilipokipasua kimoja kwa kucha, ndani kilikuwa cha waridi; humo ndimo bakteria wanamonasa naitrojeni ya hewani. Nilijisikia vibaya kweli. Sasa napanda mbegu mbili mbili shimoni moja kwa moja, masika yakianza.

Desemba vichaka vilichanua. Ndege wale waitwao chozi walikuja alfajiri, nami nikachelewa kazini siku mbili mfululizo.

Mama alirudi Februari, maganda yameanza kulia. Sikumwona akichuma. Wakati wa kuagana ndipo nikasikia kayamba kwenye fundo la kanga yake. Nikamuuliza anapeleka wapi pori.

"Nipe na kale kakaratasi kako ka kusugulia," akasema.