Tribulation, dhiki na ubao wa kupuria

Masomo ya wiki: Isaya 28:23-29; Warumi 5:1-5; Wafilipi 4:10-20

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wengi wetu husoma Biblia ya Kiingereza sambamba na ya Kiswahili, na tukifika Warumi 5:3 tunakutana na neno tribulation pale ambapo Kiswahili kinasema "dhiki". Neno hilo la Kiingereza lina historia ya kuvunja na kutenganisha, na wahubiri wanaipenda. Ni vema tuifahamu yote, maana ikishikwa nusunusu inawaumiza watu ambao tayari wameumia.

Asili yake ni chombo cha shambani. Warumi wa kale walikuwa na ubao wa kupuria ngano ulioitwa tribulum. Varro, mwandishi wa Kirumi, aliueleza katika kitabu chake cha kilimo, alichokiandika mwaka 37 kabla ya Kristo akiwa mzee wa miaka 80. Ni ubao uliotiwa mawe au vyuma upande wa chini. Mwendeshaji hupanda juu yake, au huwekwa mzigo mzito, kisha wanyama waliofungwa nira huukokota mpaka punje zitoke kwenye masuke. Anataja pia aina nyingine, ya Wapunisi (watu wa Karthago), yenye magurudumu ya meno. Wakulima wa Hispania na Uturuki waliendelea kutumia mbao za namna hiyo hadi karne ya 20. Wahispania wanauita trillo, jina lililotokana na tribulum.

Mbao mbili au zaidi huunganishwa ubavu kwa ubavu, na ncha ya mbele huinuliwa ili isijichimbie kwenye nafaka. Upande wa chini hutobolewa mamia ya matundu, na kila tundu hupigiliwa kipande cha gumegume, makali yakitazama nje. Ngano iliyokauka vizuri hutandazwa kwa duara juu ya sakafu ngumu. Ng'ombe huzunguka kwa saa nyingi, na mtu huwafuata akiwa na uma wa mti, akiipindua ngano ya chini ije juu. Masuke yanapasuka na mabua yanakatika vipande vifupi, ambavyo baadaye ni malisho ya mifugo. Upepo ukivuma, vyote hurushwa hewani: makapi yanapeperuka, punje zinaanguka karibu. Huo ndio uwanda na pepeto anavyovitaja Yohana Mbatizaji katika Mathayo 3:12.

Kazi hii inaharibika kwa njia mbili. Ngano ikiwa na unyevu, ganda hung'ang'ania punje, na kuongeza uzito juu ya ubao hakusaidii. Dawa ni kuiacha jua liikaushe. Na ubao ukizidi kupita baada ya punje kuachia, unaanza kuzipasua punje zenyewe. Punje iliyopasuka haifai kwa mbegu, na ghalani hushambuliwa na wadudu upesi. Kwa hiyo mpuraji anayeijua kazi yake haondoi macho sakafuni, na hujua wakati wa kuwasimamisha ng'ombe.

Jina la ubao huo lina shina moja na kitenzi cha Kilatini terere, yaani kusugua au kusaga. Kutoka shina hilo Kiingereza kimepata pia contrite, neno la Zaburi 51:17, ambako sisi tunasoma "moyo uliovunjika na kupondeka". Wakristo wa Kilatini ndio waliolichukua neno la uwandani wakaliita teso la roho tribulatio. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliijua picha iliyo ndani yake. Baada ya Roma kutekwa mwaka 410, watu waliuliza kwa nini wema na waovu waliteswa pamoja. Katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu alijibu kwamba chini ya ubao uleule mabua husagika na nafaka husafika. Tofauti iko kwa anayeteswa, si katika mateso. Kupitia Kifaransa neno likaingia katika Kiingereza karne ya 13. Tyndale, mtafsiri wa Biblia kwa Kiingereza, alilitumia katika Agano Jipya lake la 1526, na Biblia ya King James ya 1611 ikalidumisha.

Hapa ndipo pa kuwa waangalifu. Paulo hakuandika Kilatini. Neno lake katika Warumi 5:3 ni thlipsis, ambalo kwa Kigiriki ni kubana, kusonga, kukandamiza. Halina ubao wala ng'ombe ndani yake. Kitenzi cha shina hilohilo kimo katika Mathayo 7:14, "njia imesonga". Dhiki yetu, iliyotoka Kiarabu, nayo ni wembamba na kubanwa, kwa hiyo katika jambo hili Mswahili yuko karibu na Paulo kuliko msomaji wa Kiingereza. Yesu alitumia neno hilo kwa mwanamke anayejifungua: mtoto akizaliwa, mama "haikumbuki tena ile dhiki" (Yohana 16:21). Kwa hiyo mhubiri anayesema kwamba Paulo aliwaza ubao wa kupuria anampa Paulo picha ya Augustino. Picha ni nzuri, lakini mwenyewe atajwe.

Anayetaka kuhubiri kupura kutoka Maandiko yenyewe anao Isaya 28. Nabii anasema na walevi wa Efraimu na wenye dharau wa Yerusalemu, Ashuru ikiwa inakaribia, kisha anawageuzia macho kwa mkulima. Habasoda haipurwi kwa ubao wenye meno, wala gurudumu la gari halipitishwi juu ya jira. Mbegu hizo hupigwa kwa fimbo, kama wengi wetu tunavyopiga mpunga au maharage. Ngano ya mkate ndiyo inayopitiwa na gurudumu, nayo haipurwi milele. Na ujuzi huo, asema nabii, mkulima ameupata kwa Mungu. Sura hii imejaa hukumu na sioni haja ya kuilainisha, lakini inamalizika na Mungu anayeijua kila mbegu, anayechagua chombo chake na kuujua wakati wa kukiondoa.

Tena si kila anayeshika ubao ametumwa. Katika Amosi 1:3 Dameski inahukumiwa kwa kuipura Gileadi kwa vyombo vya chuma. Mungu hakuuita ukatili ule utakaso wa Gileadi. Aliahidi moto juu ya nyumba ya Hazaeli, mfalme wa Dameski. Kwa hiyo mke anayepigwa na mumewe, au mfanyakazi anayenyimwa mshahara, asiambiwe kwamba Bwana anampura. Anayetenda hivyo yuko mahali pa Dameski, na kanisa linapaswa kumwambia hivyo, kisha limtafutie aliyeumizwa mahali salama na wa kumtetea.

Kwa anayeuguza au aliyefiwa, wakati una uzito mkubwa. Warumi 5 ni ushuhuda wa watu wanaosema "sisi" juu ya dhiki yao wenyewe. Si maneno ya kumsomea jirani wakati jeneza bado liko sebuleni. Siku za kwanza zaburi za kilio zinatosha, ya 13 au ya 88, zisomwe bila maelezo. Saburi na uthabiti wa moyo azitaje mwenyewe, siku atakapoziona.

Wiki hii tusome pia mistari inayoifuata dhiki. Warumi 12:12 inasema "katika dhiki mkisubiri", na mstari wa 13 unaingia moja kwa moja kwenye mahitaji ya watakatifu na ukarimu. Wafilipi 4:14 wanasifiwa kwa kushiriki katika dhiki ya Paulo, thlipsis ileile. Namna walivyoshiriki imeandikwa hapohapo: alipokuwa Thesalonike walimpelekea msaada zaidi ya mara moja, na sasa akiwa kifungoni wamemtuma Epafrodito na mzigo mkononi.