Dogo kaifungua programu yangu

Jana jioni, baridi ya Mbeya inauma kweli, nimekaa na dogo mmoja fundi pale Mwanjelwa. Nikampa programu yangu ya stoo za mchele, nikamwambia ajaribu kuichungulia.

Nilikuwa nimeiwekea ulinzi. Kwenye Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, programu haifuatiliwi na wawili kwa wakati mmoja. Basi yangu ikiwaka tu inaita ptrace, yaani inaiomba Linux iwekwe kwenye ufuatiliaji. Ikikataliwa, inajua kuna mtu ameshaishika, inajizima. Akaiwasha chini ya strace, chombo kinachoonyesha kila kitu programu inachoiomba Linux, ikazima. Nilifurahi mno!

Dogo hakusema neno. Akaandika kipande cha lugha ya C, mistari michache, ptrace ya bandia inayojibu sifuri, yaani "sawa", siku zote, akakitanguliza mbele ya ptrace halisi kwa LD_PRELOAD, mpangilio wa Linux wa kufanya hivyo, akaiwasha tena chini ya strace. Programu yangu ikadanganyika. Skrini ikaanza kuteremka: kila faili inalofungua, hadi lile la leseni nililolificha kwa miezi.

Iliniuma, jamani. Ila nimeelewa: mashine ni ya kwake, kernel, kiini cha mfumo, ni ya kwake, na programu inauliza maswali kwa huyohuyo anayeichunguza. Vizuizi vyangu vinamchelewesha tu. Usiku huu nahamishia ukaguzi wa leseni kwenye seva, na dogo nimemwomba arudi Jumamosi ajaribu tena.