Mkojo wa mama
Jana nimempeleka mama Mbeya mjini kutoka Tukuyu. Tangu masika mkojo unamchoma, na kila mara duka la dawa wanampa antibaiotiki bila kupima. Inaniuma.

Maabara walimpa kikopo: wa mwanzo umwage, kinga wa katikati. Sampuli ikaingia kwenye mashine. Nikamuuliza mtaalamu, akanieleza kwa subira (Mungu ambariki) kwamba mkojo unapita mbele ya mwanga wa leza, nayo mashine inahesabu bakteria na seli nyeupe kwa dakika chache tu. Haisemi ni bakteria wa aina gani wala dawa ya kumuua. Inachuja sampuli tu. Mkojo usio na dalili za maambukizi unajibiwa siku hiyohiyo. Wenye shaka unaoteshwa, yaani bakteria wanaachwa wakue, kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37, na hapo unasubiri hadi kesho yake au zaidi.

Wa mama haukuwa na maambukizi. Daktari akauliza dozi ya mwisho aliimeza lini, maana dawa huweza kuficha bakteria. Wiki tatu zimepita. Sasa wanaangalia sukari na mawe kwenye njia ya mkojo.

Njiani mama akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, zile zilizobaki kabatini nisimeze?"

Usimeze, mama.